Bati Lililocheza na Jua

Bati likikatwa lina harufu yake. Si ya kutu, si ya moshi. Ni harufu nyembamba, inaingia puani kama vile betri inavyouma ulimi ukiionja. Juzi nilipita Kasindi, mpakani, nikakuta fundi amekaa kando ya malori yanayongoja forodha, anakata makopo ya mafuta ili atengeneze koroboi. Kabla sijajua ninachofanya, nilikuwa nimechuchumaa mbele yake. Akaniuliza nataka koroboi ya namna gani. Nikamwambia sitaki koroboi, nataka kunusa tu. Aliniangalia kidogo, kama mtu anavyomwangalia mama mzima aliyepotea njia, kisha akaendelea na mkasi wake.

Mimi ni mtu wa kupita. Shule niliiacha mapema: vita iliifunga, na ilipofunguliwa sikurudi. Kuuliza, hata hivyo, sikuacha. Karibu kila kazi niliyofanya katika maisha yangu niliipata kwa kuuliza swali, na nyingi nilizipoteza kwa kuuliza swali la pili. Tabia hiyo najua ilianzia wapi. Ilianza Butembo, katika nyumba ya shangazi yangu, chini ya vipande vya bati.

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka ile miaka. Jeshi moja lilikuwa na mji asubuhi, jeshi lingine jioni, na sisi watoto tulijua kuyatofautisha kwa viatu. Kwetu kulikuwa Beni, upande wa Mavivi, karibu na uwanja wa ndege. Siku risasi zilipoanza kupita juu ya migomba yetu, Mama alifunga godoro, Papa akabeba sufuria, tukashika barabara ya Butembo pamoja na watu wengine wote. Tulikuwa pungufu. Dada yangu Kavira alikuwa Oicha kwa bibi yetu, alikwenda kumsaidia kuvuna. Barabara ya Oicha ilikuwa imekatwa. Papa alijaribu kurudi kumchukua, askari wakamgeuza pale Mavivi kwa mtutu wa bunduki. Tukafika Butembo bila Kavira, na hakuna aliyejua kama yu hai.

Hapo lazima nieleze jambo la majina, kwa sababu wasio wa kwetu hawatanielewa. Sisi Wanande hatutafuti jina la mtoto; jina linamngoja. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, wa tatu Kavugho, wa nne Kahambu, na hivyo hivyo mpaka mama achoke. Mimi ni Kavugho. Masika sikuwahi kumwona. Nilipouliza habari zake, wakubwa walisema, "Masika alitutangulia," nami nikaelewa kwamba ametangulia Kasindi, maana kila kitu kilichotoka kwetu kilitangulia Kasindi: kahawa, mbao, hata binti za jirani waliochumbiwa na madereva. Nilimfikiria dada mkubwa mwenye viatu vya visigino, amesimama mpakani, anatungoja bila haraka.

Kwa hiyo katika kichwa changu majina yalikuwa mstari, kama mstari wa watoto uwanjani asubuhi wakati wa kuimba. Mmoja akitoka, aliye nyuma yake anasogea mbele. Ikiwa Kavira hatarudi, mimi nitakuwa Kavira. Nitaamka siku moja na Mama ataniita kwa jina la dada yangu, na huo ndio utakuwa ushahidi. Kila asubuhi, Mama alipofungua mdomo kuniita, nilishika pumzi. "Kavugho! Leta maji!" Nikapumua. Sijapata tena kufurahia kutumwa maji kama nilivyofurahia miezi ile.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa ya Tantine Vero, dada ya Papa. Tantine hakuwa na mume, na hakuonekana kumtafuta. Alikuwa amezoea kupamba kanisa lao la Katoliki kila Noeli, nyota za bati na maua ya karatasi, lakini vita ilipokuja hakuna aliyeagiza nyota. Mikono yake ilikataa kukaa. Akaanza kukusanya makopo ya mafuta ya msaada, yale marefu, na kopo moja la tomate, yaani nyanya, lililokuwa bado na rangi yake nyekundu, na kioo cha kujitazama kilichovunjika njiani katika mzigo wetu. Alikata vipande: vingine kama jani la mparachichi, vingine mviringo, vingine bila umbo lolote nilijualo. Alivisugua kwa majivu mpaka vikawaka.

Akafunga spoki za gurudumu la baiskeli ziwe kama mti ulioanguka, matawi pande zote. Nyuzi alizipanga kwa uangalifu mkubwa. Fupi juu, ndefu chini, kila mmoja aliupima kwenye mkono wake, kutoka kidole mpaka kiwiko. Lakini kipande gani kitafungwa kwenye uzi gani, hilo hakulichagua. Alitandika mkeka, akaweka alama mahali pa kila uzi, akachukua konzi ya maharagi ya rangi mbalimbali, kila rangi ikiwa na kipande chake, akayarusha juu. Yalikoanguka, ndiko vipande vilikokwenda.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba kipande chekundu cha tomate ni Kavira, kwa sababu alikuwa na pulova nyekundu, na kwamba kile kirefu chenye umbo la jani ni mimi. Haragi la Kavira likaangukia upande mmoja wa mkeka na langu upande mwingine.

"Tantine, tusogeze hii kidogo," nikasema.

"Hapana gusa! Haragi ikisha anguka, imeanguka."

"Mais lakini ni weye unatengeneza. Ju ya nini usipange yote?"

"Nikipanga yote, nitaangalia nini?" akasema, na uzi kati ya meno. "Nitakuwa najua kila kitu mbele. Miye napanga uzi. Ingine, upepo atapanga."

Kitu kizima akakitundika chini ya ukingo wa bati la nyumba, uani. Asubuhi za Butembo mnazijua: ukungu unakaa kwenye mikaratusi mpaka unafikiri siku imesahau kuanza, halafu jua linatokea kwa mara moja. Lilipotokea, ua wote ulilipuka. Mianga ilipanda ukuta, ikashuka, ikapita juu ya kuku, ikamfuata Papa mpaka chooni. Kipande kimoja kiligeuka polepole kama mzee anayefikiri, kingine kilitetemeka bila sababu. Mwanga mwekundu ulikuwa mmoja tu, na nilijifunza kuutafuta.

Nilikaa pale asubuhi nyingi nikitafuta sheria yake. Niliamini iko, na kwamba watu wazima hawaioni kwa sababu hawakai chini muda wa kutosha. Niliona kwamba kila mwanga mwekundu ulipofika kwenye ufa wa ukuta ulirudi. Kesho yake ulipita ufa bila hata kusita. Niliona kwamba mianga midogo inatangulia mikubwa. Baadaye mikubwa ikatangulia. Mwisho nikaweka sheria yangu mwenyewe: kama mwanga wangu na wa Kavira itagusana kabla jua halijahama ukutani, basi dada yangu yu hai. Siku nyingine ilikaribiana mpaka nikasimama. Ikaachana.

Jirani yetu, Mama Ester, mke wa shemasi wa Kiprotestanti, aliangalia hayo yote kutoka kwenye ua wake, mikono kiunoni.

"Vero! Nyinyi Bakatoliki, kila kitu inang'aa munaiabudu!"

"Na nyinyi kila kitu inang'aa munaiogopa," Tantine akamjibu bila kugeuka.

"Miye siogope. Nauliza tu. Ile kitu inafanya nini?"

"Inazunguka."

"Na ikisha zunguka?"

"Inazunguka tena."

Mama Ester akapiga ulimi, akaingia ndani. Lakini niliona pazia lake limebaki wazi.

Waliokichukulia kitu kile kwa uzito walikuwa askari. Kambi yao ilikuwa kwenye kilima kinachotuelekea, na sisi hatukufikiri kwamba mwanga unaoruka uani kwetu unaweza kuruka mpaka kule. Wakashuka asubuhi moja, mkubwa wao mbele, vijana wawili nyuma. Mama, tumbo lake limeshakuwa kubwa, alinivuta nyuma ya kitenge chake.

"Nani anapigaka signal hapa?" mkubwa akauliza.

"Ni jua, chef," akasema Tantine.

"Jua ya nani?"

"Ya Mungu, chef."

Kijana mmoja akacheka, kisha akakohoa ili kicheko kionekane kikohozi. Mkubwa akasogea, akainua macho. "Oyo eloko nini?" akauliza kwa Lingala, ni kitu gani hiki.

"Ni kitu ya kuangalia."

"Ya kuangalia juu ya nini?"

"Juu ya kuangalia tu, chef."

Akakisukuma kwa ncha ya bunduki. Mti wote ukazunguka, mianga ikapita usoni pake, ikapita kwenye kofia, na mwekundu ukasimama kidogo shavuni mwake. Nataka kusema alitabasamu. Labda alikunja uso kwa sababu ya jua. "Longola," akasema. "Toeni. Muweke ndani. Nikiona tena mwangaza kule juu, tutarudi, na hatutauliza."

Walipoondoka, Tantine alikibeba ndani kama mtu anayebeba mgonjwa. Chumba chetu kilikuwa na dirisha dogo moja tu, giza hata mchana. Akakitundika kwenye boriti. Kikaning'inia pale, kimya, rangi ya majivu. "Imekufa," akasema, akaenda kuchambua sombe, kisamvu chetu.

Lakini bati la paa letu lilikuwa bati la pili, yaani lilikuwa limeezeka nyumba nyingine kabla ya yetu, na matundu ya misumari ya zamani yalibaki. Wakati wa mvua tuliyalaani, tukaweka masahani chini yake. Kesho yake ukungu ulipoondoka, jua likaingia kupitia kila tundu kama uzi uliovutwa, na kila uzi ukapata bati lake. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka. Nilifungua macho, giza lote lilikuwa linaruka kama mahindi katika sufuria ya moto. Kule uani mianga ilipigana na mchana. Hapa haikuwa na mpinzani.

Nikapiga kelele. Tantine akaja, mikono imejaa majani ya muhogo. Akasimama mlangoni, akainua macho kwenye matundu.

"Hii siye miye," akasema. "Hii ni misumari ya batu benye hata siwajue."

Habari ikasambaa. Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Ester, eti anaomba chumvi, na chumvi akaisahau. Baadaye watu waliotoka sokoni walipita, wanawake na mizigo yao, watoto wa mtaa mzima, wakimbizi waliokaa kwa jamaa zao jirani. Walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Walikaa ukutani, wakanyamaza, na katika miaka ile watu kukaa pamoja wamenyamaza bila kusikiliza kama kuna risasi lilikuwa jambo kubwa.

Wakati huo siku za Mama zilikuwa zimefika. Mtaa wote uliomba mtoto wa kiume. Mvulana anayefuata wasichana watupu anaitwa Muhindo, yaani ameleta mabadiliko, na kila mtu alikuwa amekwisha kumwita hivyo kabla hajazaliwa.

"Tuko tunaomba Muhindo," Mama Ester akaniambia. "Na weye omba."

"Miye niko naomba Kahambu."

"Aa! Mutoto huyu! Baba yako iko na basichana batosha!"

Sikumweleza. Muhindo asingenijibu lolote. Lakini msichana lazima apewe namba. Akiitwa Kahambu, wa nne, basi mstari haujasogea, na Kavira bado yumo. Akiitwa Kavugho, basi mimi nimekuwa Kavira, na dada yangu amekwisha. Nilikuwa nimeipata sheria hatimaye, na haikutegemea upepo.

Alizaliwa msichana. Papa alitoka uani, akapangusa uso, akawaambia waliongoja: "Bon. Ni Kahambu." Walisema aksanti kwa Mungu kwa sauti ya watu waliotarajia kitu kingine. Mimi peke yangu niliruka.

"Kavira iko muzima! Kavira iko muzima! Bameita mutoto Kahambu!"

Ndani, nilimsikia Mama akianza kulia. Nikafikiri ni furaha. Tantine akanishika mkono, akaniingiza katika chumba cha mianga, akanikalisha chini.

"Nani alikuambia vile?"

Nikamweleza mstari wangu wote, jinsi mmoja akitoka wengine wanavyosogea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, bila ukali, "Na Masika iko wapi?"

"Kasindi."

"Kasindi?"

"Alitutangulia."

Akafunga macho kidogo. "Kavugho, mwana wangu. Masika alikufa mbele ya kuota jino. Mbele ya Kavira kuzaliwa. Na ona: Kavira hakukuwa Masika. Aliitwa Kavira. Kwetu hatuondoe mutu. Mwenye iko, mwenye haiko, bote banabaki mu hesabu."

Mianga ilikuwa inapita juu ya magoti yetu. Nilimpoteza dada mmoja mwenye viatu vya visigino, na ushahidi wa dada mwingine, katika pumzi moja. "Donc basi jina haisemi kitu," nikasema.

"Jina ni uzi. Inakuonyesha umefungwa wapi. Pahali kwenye upepo imekupeleka, haionyeshe." Akaniinua kidevu. "Na wacha kuulizaka hii bati. Nakuonaka kila asubuhi unaiuliza. Bati haitoke Oicha. Batu ndiyo banatoka Oicha, na kila siku banakaa hapa mbele yako. Uliza batu."

Nilikaa nikiwa na hasira mpaka jua likahama. Kisha nikaona kwamba anasema kweli. Kesho yake nikasimama mlangoni, penye viatu, na kila aliyeingia nikamwuliza: "Unatoka upande wa Oicha? Haukuona Kavira?"

Walicheka mpaka wakashikana. "Kavira gani?" akasema mama mmoja mwenye kikapu cha maboga. "Miye ni Kavira. Huyu mukubwa hapa ni Kavira. Mama-mukwe wangu Kavira. Unataka nani, nikupe?"

Niliona haya, lakini haya yangu haidumu sana. Nikatambua kwamba nimekuwa nikiulizia namba. Kila nyumba ya nchi yetu ina wa pili wake. Basi wangu alikuwa na nini ambacho mpangilio wa majina haukumpa? Nilifikiri siku nzima, na kadiri nilivyofikiri ndivyo alivyorudi kwangu, kipande kwa kipande. Alipiga mluzi kama mwanaume, Mama alimgombeza bure. Jino lake la mbele lilimeguka alipofungua Fanta kwa meno kwenye harusi. Alitembea mikono nyuma kama préfet, mkuu wa shule, anayekagua madarasa, na ndiyo maana nyumbani tulimwita Préfet.

Sasa nikawa ninaigiza. Nilitembea mikono nyuma mbele ya wageni, nikapiga mluzi, nikaonyesha jino. Walicheka tena, ila kicheko kingine. Wengi walitikisa kichwa. Niliendelea. Nadhani kuna waliokuja kuniona mimi badala ya bati.

Halafu akaja mama mmoja aliyetoka Oicha kwa miguu na mawese kichwani, mwili wake mkavu, macho yake hayakutulia. Alikaa karibu na mlango. Nilipotembea mikono nyuma hakucheka. Akainama mbele.

"Rudia ile mluzi."

Nikarudia.

"Mwenye jino hivi?" Akagusa jino lake mwenyewe. "Anakaa na mushosho, bibi mumoja mukali, nyuma ya kanisa, ile chapelle? Yule mutoto alifukuza mbuzi yangu mu muhogo na mluzi. Nilimutukana."

Mama alisikia kutoka chumba cha pili. Alikuja na Kahambu ananyonya, akakaa chini miguuni pa yule mwanamke kama mtoto.

Papa alitaka kwenda siku ile ile. Mama wa mawese akamkataza: wanaume walikuwa wanashikwa njiani wabebe mizigo ya askari, wanawake walipita. Atakaporudi na wenzake, akasema, atamchukua msichana, bibi akikubali. "Mais atakubali namna gani kunifuata? Nilimutukana."

"Umwambie hivi," nikasema. "Préfet, kengele imelia."

Walingoja wote nicheke. Sikucheka.

Majuma yakapita. Barabara ilifunguka, ikafungwa, ikafunguka. Sikuketi tena chini ya bati kutafuta sheria, ingawa nililitazama, na lilinipendeza zaidi kuliko zamani kwa kuwa sikulidai kitu. Siku moja mchana, chumba kimejaa wageni, mtu alivua viatu mlangoni akachelewa kuingia. Alisimama, mikono nyuma. Alikuwa amekonda na amerefuka, na pulova haikuwepo. Mama alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Wageni wakainuka mmoja mmoja, wakatoka bila kuaga, Mama Ester wa mwisho, akilia waziwazi, na Uprotestanti wake wote.

Bibi alikataa kuacha shamba lake, Kavira akatuambia. Alimsukuma mlangoni kwa fimbo ili aondoke. Kavira alikula sahani mbili za bugali bila kuinua kichwa. Kisha akampakata mtoto, akamwangalia, mianga ikiwapitia wote wawili.

"Huyu anaitwa nani?"

"Kahambu," akasema Mama.

Niliona midomo ya Kavira ikisogea, ikipanga majina. Kisha akatabasamu, jino lake lililomeguka likaonekana.

"Kahambu," akasema. "Donc mulikuwa munanihesabu."

Mkono wa Mama uliokuwa ukipapasa nywele za Kavira ukasimama. Tantine akanitazama haraka, kwa sababu alinijua: mimi ndiye nisiyeweza kuacha jambo lipite bila kulinyoosha. Nikasogea, nikakaa karibu na dada yangu mkubwa, yaya wangu, mpaka mabega yetu yakagusana.

"Ndiyo, yaya," nikamwambia. "Kila siku."